UZI: Komedi ya mapenzi ya wawili wasioendana, inajengwaje mpaka watu wacheke na waamini?

KurasaMia (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Skripti za mapenzi ya kuchekesha zinaandikwa nyingi kwa Kiswahili, na nyingi zinafia mahali pamoja, ukurasa wa arobaini hivi. Wawili wameshakutana, wameshagombana, watu wameshacheka, halafu mwandishi anaishiwa. Anaingiza ajali, anaingiza mganga, anaingiza mama mkwe mwenye roho mbaya. Kosa halikuanzia hapo. Lilianza mwanzoni kabisa, kwa sababu hakuna kilichowafunga watu hao wawili pamoja. Wasioendana wakigombana kila mtu hushika njia yake, ndivyo binadamu tulivyo. Basi kabla ya kuuliza wanatofautiana nini, uliza kwa nini hawaondoki.

Nitatumia mfano wa zamani, maana umejengwa vizuri mno na unafunguka kama injini mezani: It Happened One Night ya mwaka 1934. Mwongozaji ni Frank Capra, skripti ya Robert Riskin, wachezaji wakuu Clark Gable na Claudette Colbert. Ni filamu ya kwanza kuchukua Oscar zote tano kubwa kwa mkupuo: filamu bora, mwongozaji, mchezaji wa kiume, mchezaji wa kike na skripti. Inakwenda dakika 105.

Ellie ni binti wa tajiri. Kaolewa na rubani mpenda sifa bila ridhaa ya baba, na baba kamfungia kwenye boti huko Miami. Binti anaruka majini, anaogelea hadi nchi kavu, anapanda basi la New York. Peter ni mwandishi wa habari aliyetoka kufukuzwa kazi. Wanagombea kiti. Mpaka hapo tuna tofauti tu. Kifungo kinakuja baadaye: begi la Ellie linaibiwa, hela inamwishia, na Peter anamtambua. Anampa sharti: nitakufikisha kwa mumeo, wewe utanipa habari yako niiandike mimi peke yangu, ukikataa nampigia baba yako.

Tazameni hesabu ilivyokaa. Binti asipokuwa na Peter hafiki. Peter asipokuwa na binti hana habari, na bila habari hana kazi. Kila mmoja akiondoka anapoteza kitu unachoweza kukitaja kwa neno moja. Kifungo kikiwa cha upande mmoja, anayebaki anaonekana king'ang'anizi, na mtazamaji anaacha kucheka, anaanza kukereka.

Kwa skripti ya kurasa 95 hadi 100 (ukurasa mmoja ni takriban dakika moja ya filamu), wakutane kabla ya ukurasa wa 10, kifungo kikaze kabla ya wa 25. Katikati, wa 45 hadi 55, wafanye kitu pamoja kwa mara ya kwanza na kifanikiwe. Waachane kati ya 72 na 80. Anayechelewesha kifungo hadi ukurasa wa 40 amejaza kurasa kumi na tano za matusi yasiyo na sababu.

Karibuni tuchambue.

Ukingoni

Shukrani mkuu. Swali: tofauti ya tajiri na maskini haitoshi? Nusu ya filamu zetu ni binti wa Masaki na kijana wa Tandale.

KurasaMia

Haitoshi, mkuu. Utajiri ni hali tu. Mtu hawezi kuwa "tajiri" katika kila sini (kila onyesho la filamu), lakini anaweza kila mara kufanya mambo kwa namna yake. Ellie hajazoea kupanga foleni. Basi likisimama mapumziko anaamini litamsubiri, na linamwacha. Peter ana nadharia ya kila kitu, mpaka namna ya kuchovya donati kwenye kahawa. Tofauti yao inaonekana mikononi, bila mtu kusema "mimi ni wa kishua".

Tujenge mfano wetu hapa hapa ili tuongelee kitu kimoja. Kamati ya harusi, Dar es Salaam. Dada mmoja ni mweka hazina wa kamati, shilingi haipotei mbele yake. Kijana ni MC, rafiki wa bwana harusi, hodari wa kuahidi. Mmoja anakusanya fedha taslimu, mwingine anakusanya ahadi. Hapo tofauti ni ya matendo, inafanya kazi kila kikao. Na kila mmoja anacho anachokikosa mwenzake: dada anajua kutunza ila hajui kuomba, kijana anajua kuomba ila hajui kutunza. Kila mtu afanye zoezi hili kabla ya kuandika sini yoyote: andika sentensi mbili, "A anaweza ___ ambacho B hawezi" na "B anaweza ___ ambacho A hawezi". Ya pili ikikushinda, huna wapenzi. Una mwalimu na mwanafunzi.

Mama Skripti

Naunga mkono, na niongeze kwa nini kamati ya harusi ni kifungo kizuri. Ina tarehe. Kadi za michango zimeshasambazwa, ukumbi umelipiwa nusu, hakuna wa kurudisha siku nyuma. Ina vikao vya kila wiki, kwa hiyo huhitaji kutafuta sababu ya kuwakutanisha. Ina mwenyekiti na katibu, watu wa pembeni wanaoona mapenzi kabla ya wenyewe. Halafu ni rahisi kupiga picha: chumba kimoja, watu kumi na wawili, viti vya plastiki, soda, daftari. Ukumbi wenyewe wa harusi, wenye mapambo na wageni mia, uuweke mara moja tu mwishoni. Hata ile ya 1934 sehemu kubwa ni ndani ya basi, barabarani na kwenye vibanda vya wasafiri.

Lakini nataka nizungumzie matusi, kwa sababu hapo ndipo skripti zetu zinaponuka. Waandishi wengi wanadhani kugombana kwa wapenzi ni kutukanana sura: "we mnene", "we mweusi kama mkaa". Hilo halichekeshi zaidi ya mara moja, na likishasemwa mtazamaji hataki tena waoane. Anakumbuka.

Sisi tuna shule ya jambo hili ndani ya mila zetu, utani. Mpare na Mchaga wanaambiana mambo ambayo mtu baki angepigwa kwa kuyasema. Shemeji na shemeji vilevile. Babu anamwita mjukuu wake "mke wangu" mbele ya watu na hakuna anayeshangaa. Utani una sheria, na sheria hizo ndizo unazozihitaji. Ya kwanza, mtani hakasiriki, akikasirika ameshindwa. Ya pili, mtani anatania tabia na asili, hagusi jeraha. Ya tatu, na hii ndiyo nzito, mtani ndiye anayekuja kufanya kazi msibani. Anayekutania sana ana wajibu kwako.

Kwa hiyo ukiandika majibizano, kila dongo lionyeshe kwamba anayelirusha amemtazama mwenzake vizuri. MC akimwambia mweka hazina "wewe hata usingizi unaupigia hesabu", amemsoma. Akimwambia "wewe mbaya", hajamwona kabisa. Mpime hivi: chukua dongo, mpe mtu mwingine yeyote kwenye skripti alirushe. Likimfaa yeyote, lifute.

Na wekeni bibi. Bibi mwenye ruhusa ya utani anaweza kusema sebuleni jambo ambalo wote wanaliogopa, dakika ya 30, kwa sentensi moja.

Ukingoni

Hii ya utani sijawahi kuona mtu anaiweka hivi. Endeleeni.

Lugha Tamu

Naomba niingie upande wa lugha, kwa sababu Kiswahili kinakupa vitu vya komedi bure na watu wanaviacha, wanaiga mizaha ya kutafsiriwa.

Kwanza, namna wanavyoitana. Hicho ndicho kipimo cha penzi, na mtazamaji anakisikia bila kuelezwa. Peter anamwita Ellie "brat", yaani mtoto aliyedekezwa, na neno hilohilo linabadilika joto kadiri safari inavyokwenda. Kwetu una ngazi nyingi zaidi. Kikao cha kwanza MC anamwita "mheshimiwa mweka hazina" kwa kumkejeli. Baadaye "dada". Baadaye jina lake, mara moja tu, kwa bahati mbaya, na wote wawili wanasikia. Wakigombana anarudi kwenye "mheshimiwa", na sasa neno lilelile linauma. Pangeni ngazi hizo kwenye karatasi pembeni, na ukurasa wa kila ngazi. Msizichanganye. Ukimwandikia "mpenzi" ukurasa wa 20 umemaliza akiba yote.

Pili, kiambishi chetu cha nafsi ya tatu hakisemi mwanamume wala mwanamke. "Nampenda lakini sijamwambia" kwenye simu haimfichui anayesemwa. Kwa lugha nyingine mwandishi angelazimika kuzungusha. Kwetu mtu anasikia nusu ya mazungumzo na anakosea kihalali. Tumieni hilo mara moja katika filamu. Mara mbili linageuka ujanja.

Tatu, saa. Mhusika aliyekulia nje akiambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili, anaweza kufika adhuhuri. Amechelewa saa sita kamili, na hakuna aliyemdanganya. Kosa limetoka kwenye malezi yao wawili, ndicho kitu tunachokitafuta. Ajali kama hii ni bora mara kumi kuliko tairi kupasuka, kwa sababu tairi linaweza kumpasukia yeyote.

Kijana wa Jukwaani

Wakuu, mimi ninakwama kwenye kuachana. Kila sababu ninayoweka inaonekana ya kitoto. Anamwona anakumbatiana na dada yake, anadhani ni mchumba, anaondoka analia. Watu niliowasomea wanasema "si angeuliza tu?"

Mama Skripti

Wako sahihi. Hicho ni kipimo cha simu moja: kama simu ya dakika moja inaweza kumaliza ugomvi, hujaandika ugomvi. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, na kuishiwa chaji si dawa.

Turudi 1934. Usiku wa mwisho kabla ya New York, Ellie anamwambia Peter anampenda. Peter kwanza anamjibu vibaya. Kisha anatafakari, na Ellie keshalala, anaondoka usiku kwenda kwa mhariri wake kutafuta dola 1,000 ili asimwoe akiwa mikono mitupu. Wenye vibanda wanagundua mwanamume na gari havipo, wanamwamsha Ellie na kumtoa nje. Anaamini ametelekezwa, anampigia baba yake.

Kuna vitu vitatu vimefungana hapo. Peter ameondoka kwa sababu ya tabia yake mwenyewe, kiburi cha kutotaka kulishwa na mkwe. Ellie ameamini kwa sababu ya hofu yake mwenyewe, kwamba hakuna anayemtaka bila fedha za baba. Na mtu wa tatu ameufunga mlango kabla hawajaonana. Ukitoa kimoja, linabaki tukio la bahati mbaya.

Sasa kwa mfano wetu: mweka hazina agundue kwamba MC ameshachukua malipo ya awali ya shughuli nyingine, siku ileile ya harusi, saa ileile. Alichukua wiki ya kwanza, kabla hawajazoeana, na amekuwa akiahirisha kuirudisha kwa sababu fedha ameshaitumia. Dada anampigia simu. Kijana anasema ndiyo, ni kweli. Umeona? Simu imepigwa, ukweli umesemwa, na ndio unaowatenganisha. Ni kosa lake haswa, mtu wa ahadi. Na linagonga penyewe kwa dada, mtu wa hesabu.

Fundi Sauti

Niwalete kwenye seti kidogo, maana skripti nzuri inauawa huko.

Komedi ya wawili inasikika kabla haijaonekana. Neno moja la mwisho likipotea, kicheko kimekwenda. Kila mchezaji awe na kinasa chake kidogo kifuani, na juu yao maikrofoni ya mti, ile inayoshikwa kwa fimbo ndefu, kwa akiba. Nguo mpya yenye wanga na hariri zinasugua. Chagueni pamba iliyofuliwa, na kinasa kibandikwe ngozini kwa plasta, si kwenye kitambaa. Zimeni feni na friji kabla ya kila sini, na ufunguo wa gari la kurudia nyumbani uwekwe ndani ya friji ili asiwepo wa kusahau kuiwasha tena. Jenereta liwe nyuma ya ukuta, si nyuma ya mti. Rekodini ukimya wa kila chumba kwa sekunde 30; bila huo mhariri hana cha kujazia anaporefusha kimya cha wahusika.

Kosa kubwa ni kuacha wachezaji waongee juu ya maneno ya mwenzao wakati kamera imemkaribia mmoja. Inaonekana ya kweli pale mnapopiga, lakini mhariri hataweza kukata. Kwenye picha ya karibu kila mtu aongee peke yake, safi. Kupandiana maneno kutatengenezwa mezani kwa mhariri. Kwenye picha ya wote wawili, waacheni wapandiane wapendavyo.

Mkasi

Mhariri naunga mkono, na niseme la upande wangu. Wapigeni wote wawili kwenye fremu moja kadiri mnavyoweza. Watu wasioendana wanachekesha kwa sababu tunamwona mmoja anasema na mwingine anaathirika kwa wakati uleule. Mkikatakata uso kwa uso, mimi ndiye ninayeamua lini mtu acheke, na mara nyingi nitakosea.

Tazameni asubuhi ya wapelelezi katika ile ya 1934. Wapelelezi wa baba wanaingia kibandani. Peter na Ellie, bila kupanga, wanajifanya mume na mke wanaogombana, wanapiga kelele, mpaka wapelelezi wanaona aibu na kuondoka. Ni sini ya katikati ile aliyoitaja mleta uzi: mara ya kwanza wanafanya kazi pamoja, na kazi yenyewe ni kugombana. Ugomvi wao wa siku zote umegeuka silaha yao. Sini kama hiyo mkiipata, filamu imesimama.

Vipimo vya mezani, kwa fremu 25 kwa sekunde: baada ya neno la kuchekesha, mkate kwa anayesikia mapema, fremu mbili tatu kabla neno halijaisha. Mbakizeni usoni fremu 12 hadi 20. Chini ya hapo mtazamaji hajapata nafasi ya kuona. Zaidi ya hapo mnamwomba acheke. Na toeni muziki wa kuchekesha, ule wa filimbi na ngoma ndogo. Ukiwepo kwenye sini, maneno hayajatosha.

Ukingoni

Mpinzani je? Yule mchumba wa kwanza. Kwetu huwa mlevi, mpiga wanawake.

Lugha Tamu

Mpinzani mwovu anamfanya shujaa wako aonekane mjinga kwa kuwa naye. Mfanye mtu mzuri kwa mtu mwingine. Kwa mfano wetu, awe mhasibu mwenzake dada, mpole, anafika kwa wakati, kwao wameshatuma mshenga na barua ya posa imepokewa. Kila kitu sawa. Kasoro yake iwe moja tu: akiwa naye, dada hacheki wala habishani. Mtazamaji ataiona mwenyewe ukiweka sini mbili za mlo, mmoja na mhasibu, mwingine na MC, meza ileile, upande uleule wa kamera.

KurasaMia

Natofautiana nawe kidogo, mkuu. Rubani wa 1934 si mtu mzuri hivyo, ni mpenda sifa na tunalijua mapema, na filamu haikudhurika. Kilichookoa ni kwamba Ellie alimchagua kwa kumkaidi baba, kwa hiyo kosa la kumchagua ni sehemu ya tabia yake. Nakubali hata hivyo kwamba ukiwa na posa iliyopokelewa, mtu mzuri ana uzito zaidi, maana kuikataa kunagusa koo mbili.

Kijana wa Jukwaani

Na mwisho? Kukimbilia uwanja wa ndege kumechosha.

KurasaMia

Mwisho unajengwa katikati. Usiku wa kwanza kibandani Peter anatundika blanketi juu ya kamba kati ya vitanda viwili na kuliita kuta za Yeriko, zile za Biblia zilizoanguka kwa tarumbeta. Ni mzaha wa kumtuliza binti. Sini ya mwisho hatuwaoni kabisa hao wawili: tunasikia tarumbeta ya kitoto, blanketi linaanguka sakafuni, basi. Kila mtu anajua maana yake kwa sababu lilitundikwa mapema, mbele ya macho yetu.

Na kabla ya hapo kuna namba. Baba ametangaza zawadi ya dola 10,000. Peter anakwenda kudai dola 39.60: hela aliyotumia, koti, sanduku, kofia na mashati matatu. Baba anaelewa pale pale kwamba huyu hakufuata fedha. Namba yenye senti inakumbukwa, namba ya mviringo inasahaulika.

Kwa mfano wetu, hivi. Kikao cha pili MC anaandika ahadi yake kwenye daftari: 47,500. Mpige picha mstari huo kwa karibu, sekunde mbili kamili, kalamu nene. Vikao vitatu vinavyofuata dada amdai mbele ya watu, kila mara kwa namba yote, asikosee hata mia. Kisha, wakiwa wanaanza kuelewana, weka sini fupi isiyoelezwa: usiku, dada peke yake, anafungua pochi yake, anahesabu noti, anaziingiza kwenye sanduku la kamati. Sekunde kumi, bila neno.

Halafu wanaachana. Kijana anarudisha malipo ya ile shughuli nyingine. Anauza spika zake ili apate, na tunamwona akizipakia kwenye bajaji. Siku ya harusi anafika kabla ya wapambaji, ukumbi mtupu, anapanga viti. Harusi inapita. Kikao cha kuvunja kamati, daftari linafungwa, dada anamsukumia ili asaini. Anatafuta mstari wake. Umepigwa kistari, "imelipwa", na tarehe ya wiki tatu kabla ya ugomvi.

Dada asieleze. Kijana naye asiulize. Achukue kalamu, ageuze ukurasa mpya, aandike jina lake na ahadi nyingine. Kamera ibaki kwenye uso wa dada anayesoma, na sisi tusiione namba.